Steringi Hafi

Kabla sijajua kuandika jina langu vizuri, nilikuwa tayari najua kwamba steringi, yaani shujaa mkuu wa filamu, hafi. Aliyenifundisha ni kijana aliyekuwa akikusanya kiingilio kwenye kibanda umiza, kile kibanda cha kuonyeshea video, cha mtaani kwetu, Morogoro, miaka ya tisini. Nilikuwa nimejifunika uso kwa fulana, maana jamaa wenye bunduki walikuwa wameshamzunguka mtu wetu kila upande. Akanipiga kikofi kisogoni. "We dogo, fumbua macho. Yule steringi. Umeona wapi steringi akafa?"

Sikuwa nimeona popote. Basi tulikaa, watoto wa mtaa mzima, tumebanana kwenye mabenchi mbele ya runinga ya inchi 21, madirisha yamezibwa kwa magunia, jasho linatutiririka, na mioyo imetulia hata pale risasi zinaponyesha kama mvua ya masika. Maadui wote wa dunia walikuwa na shabaha mbovu. Kwenye Commando ya mwaka 1985, Schwarzenegger anaingia peke yake kwenye kisiwa chenye jeshi la kukodi, anawamaliza wote, anatoka na mikwaruzo. Tuliiona hiyo picha mpaka mkanda ukaanza kuruka.

Sasa nimekuwa mtu mzima, ndevu zimeshatoa mvi mbili tatu, na nikiulizwa picha ninazozipenda kuliko zote, Commando haimo. Najua kuna watakaoninunia. Ila nikizipanga zile ambazo hazijanitoka kichwani miaka yote hii, nakuta karibu zote zimemfanya yule kijana wa mlangoni aonekane mwongo.

Ya kwanza ni Sholay, na hii nimeirithi kwa mama. Alisoma Dar es Salaam miaka ya sabini, na siku za mapumziko yeye na wenzake walikuwa wanakwenda Avalon, pale mtaa wa Zanaki, kutazama picha za Kihindi. Kihindi chenyewe hajui hata neno la kuombea maji. Lakini Sholay anakusimulia kuanzia treni ya mwanzo hadi treni ya mwisho, na nyimbo anakuimbia kwa maneno anayoyajua yeye na Mungu wake.

Picha ilitoka tarehe 15 Agosti 1975, siku ya uhuru wa India, na ina urefu wa zaidi ya saa tatu. Wezi wawili, Veeru wa Dharmendra na Jai wa Amitabh Bachchan, wanakodiwa na Thakur, afisa wa zamani wa polisi, wamkamate jambazi Gabbar Singh akiwa hai. Thakur mwenyewe hawezi. Utajua katikati ya picha kwamba mikono yake yote miwili ilikatwa na huyohuyo Gabbar. Sasa, Jai ana sarafu. Kila wakibishana na mwenzake anairusha, na kila ikianguka inaanguka vile anavyotaka Jai. Unaona ni bahati yake tu. Mpaka pale darajani, wameishiwa risasi, mmoja lazima abaki awazuie majambazi na mwingine akalete msaada. Sarafu inarushwa, Jai anabaki. Veeru anaporudi anamkuta rafiki yake anakata roho. Akiiokota sarafu na kuigeuza, pande zote mbili ni sawa.

Mama akifika hapo hunyamaza, anajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

Mimi kinachoniumiza zaidi ni Radha, mkwe wa Thakur, mjane kijana mwenye sari nyeupe. Usiku Jai anakaa nje anapuliza kinanda cha mdomo, na Radha kule juu barazani anazima taa, moja baada ya nyingine. Hawasemezani. Waigizaji wa siku hizi wangepewa hapo wimbo wa dakika sita na nguo za kubadilisha mara nne. Na Jai akishakufa, Radha anafunga dirisha. Hakuna maneno, ni dirisha tu.

Kuna jambo nimelijua ukubwani. Mwisho tuliozoea, polisi wanafika na kumchukua Gabbar, sio mwisho aliotaka mwongozaji Ramesh Sippy. Yeye alipiga picha Thakur akimuua Gabbar kwa miguu yake. Lakini mwaka ule India ilikuwa kwenye hali ya hatari ya Indira Gandhi, na wakaguzi wa filamu hawakupenda mtu aliyewahi kuwa polisi achukue sheria mkononi, hata kama mikono hana. Ikabidi wapige upya. Yaani Jai, mtu mwema, aliruhusiwa kufa bila shida. Aliyeokolewa na serikali ni jambazi. Hata tukiwa watoto tulikuwa tunawacheka polisi wa picha, wanafika vumbi limeshatua.

Baada ya Sholay ni Bruce Lee, na hapa sizungumzii Enter the Dragon ambayo kila mtu anaitaja. Nazungumzia Fist of Fury ya mwaka 1972. Chen Zhen anarudi Shanghai anakuta mwalimu wake amekufa, na Wajapani wa chuo jirani wanawaletea wanafunzi kibao cha maandishi ya kuwatukana Wachina. Analipiza. Anapiga ukumbi mzima wa watu peke yake, kisha anawalisha karatasi za matusi yao, wanatafuna. Kibandani watu walisimama juu ya mabenchi. Lakini kila anachofanya kinazidi kuwaletea wenzake balaa, na mwishowe anakubali kujitoa ili chuo kibaki. Anatoka nje, mbele yake pamejaa bunduki. Anakimbia kuzielekea, anaruka hewani huku akipiga ukelele, na picha inagandia hapohapo. Mguu uko juu. Risasi tunazisikia tu.

Ule ubishi nadhani haujaisha mpaka leo. Nusu ya kibanda walisema amekufa. Nusu nyingine, nikiwemo mimi, tulisema hapana, wangapi wameona maiti? Kuna mzee fundi baiskeli aliyeapa kwamba ipo sehemu ya pili ambako Bruce Lee anatua upande wa pili wa ukuta na kukimbilia milimani. Tuliisubiri miezi. Hatukujua kwamba tunambishania mtu aliyefariki tangu Julai 1973, akiwa na miaka 32, kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Nimeitazama tena nikiwa na akili zangu na naona mwongozaji Lo Wei alifanya jambo kubwa pale. Angetuonyesha mwili chini, tungeenda nyumbani. Kumwacha hewani ndiko kulikotuweka kibandani miaka thelathini.

Ya tatu itawashangaza: First Blood, ile Rambo ya mwanzo kabisa, ya mwaka 1982. Naona ndiyo picha iliyoeleweka vibaya kuliko zote katika vibanda vyetu, na sijui kama wenyewe Wamarekani waliielewa. Watu wakisikia Rambo wanaona kifua wazi na bunduki ya mikanda, mamia ya maiti. Kwenye hii ya kwanza anayekufa ni mtu mmoja, askari anayeanguka kutoka kwenye helikopta, na Rambo hakukusudia. Picha yenyewe inahusu mwanajeshi aliyerudi kutoka Vietnam, anatembea kwa miguu kumtafuta rafiki yake, anaambiwa ameshakufa kwa saratani, halafu mkuu wa polisi wa mji mdogo anamfukuza kama mbwa koko kwa sababu ya nywele ndefu na nguo chafu.

Sisi tuliiona kwa mtafsiri. Kwa wasiojua, kibandani alikuwepo mtu mwenye kipaza sauti, anatafsiri kila kinachosemwa na hata kisichosemwa. Tanzania jina kubwa lilikuwa Lufufu, Kenya wanaye DJ Afro, na kila mtaa ulikuwa na wa kwake wa bei nafuu. Wetu Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza. Akifika mahali pagumu anatunga. Basi mwishoni mwa picha Rambo anakaa chini na kulia kama mtoto mbele ya kanali wake, na mtafsiri wetu akatuambia: "Anasema mama yake amekufa kijijini na hakupewa ruhusa ya kwenda kuzika." Kibanda kizima kikanyamaza. Kuna baba mmoja alitoka nje.

Miaka mingi baadaye niliirudia kwa maneno yake. Hakuna mama. Rambo anaeleza jinsi mtoto mwenye sanduku la kung'arisha viatu alivyokuja kwao Saigon, sanduku likiwa na bomu, na rafiki yake akapasuka mikononi mwake huku akisema anataka kwenda nyumbani. Anaeleza pia kwamba vitani alikabidhiwa vifaa vya mamilioni ya dola, na huku kwao hapati hata kazi ya kuegesha magari. Nilikaa nikawaza yule mtafsiri. Maneno alikosa yote, lakini msiba aliupata.

Na hiki ndicho nilichokuwa nataka kufikia: Rambo alitakiwa afe. Kwenye kitabu cha David Morrell anakufa, na hata kwenye picha walipiga mwisho ambamo anamlazimisha kanali amuue. Walipowaonyesha watazamaji wa majaribio, watu wakakasirika, ukabadilishwa. Kumbe na huko wapo vijana wa mlangoni! Matokeo yake, mtu aliyetakiwa kupumzika mwaka 1982 akarudishwa vitani mwaka 1985, 1988, 2008 na 2019. Sijui ni nani aliyemwonea huruma hapo.

Titanic sitasema mengi. Ndiyo, nililia, na ndiyo, ule ubao alioelea Rose ulikuwa na nafasi ya Jack pia.

Za kwetu je? Nairobi Half Life ya David "Tosh" Gitonga, 2012, naiweka juu kabisa. Mwas, aliyechezwa na Joseph Wairimu, anauza filamu kijijini, na ili ziuzike anawaigizia wateja vipande vyake barabarani, mapigano na sauti zote. Dakika ile ya kwanza nilimjua, nimekaa naye benchi moja. Anakwenda Nairobi kutafuta uigizaji, jiji linampokea kwa kumkwapua na kumtupa sero. Mchana anafanya mazoezi ya jukwaani, usiku anaiba magari. Mwas anabaki hai, wenzake wengi hawabaki, na anapopanda jukwaani mwishoni huwezi tena kumpigia makofi kama ulivyompigia Schwarzenegger. Wanaongea Sheng, Kiswahili, Kikuyu, kama watu wanavyoongea. Ndiyo iliyokuwa filamu ya kwanza Kenya kuipeleka kuwania Oscar.

Supa Modo ya Likarion Wainaina, 2018, haifiki hata saa moja na nusu, na sijawahi kuimaliza bila kuomba udhuru. Jo, mtoto wa miaka tisa, anaumwa ugonjwa usiopona na anapenda picha za mashujaa wenye nguvu za ajabu. Kijiji kizima kinakula njama kumfanya aamini anazo. Unajua tangu mwanzo itakwishaje, na bado unapiga hesabu labda, labda.

Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, 2021, haihusiani na habari ya steringi kufa, lakini siwezi kuandika kuhusu picha ninazozipenda nikaiacha. Imetokana na riwaya ya Adam Shafi ambayo wengi tuliisoma shuleni kwa kulazimishwa. Zanzibar ya ukoloni, Yasmin anatoroka ndoa ya mzee, Denge anasambaza karatasi za siasa usiku. Rafiki zangu wanalalamika kwamba inakwenda polepole. Inakwenda kwa mwendo wa Unguja, mlitaka waikimbize wapi?

Bongo Movie nitasema ukweli wangu. Nyingi sauti ilikuwa inakuja na kuondoka, na ile tabia ya kukata hadithi moja vipande viwili ili tununue mara mbili ilituchosha. Lakini Steven Kanumba alikuwa steringi, tena kwa maana yetu ya kibandani: mtu akitokea kwenye kioo watoto wanakaa vizuri. Picha yake Uncle JJ nimeitazama na wanangu wa kaka mara zisizohesabika. Alifariki tarehe 7 Aprili 2012, na miaka 28 tu. Siku ya kumuaga pale viwanja vya Leaders, Kinondoni, nilikuwa kwenye umati, na mama mmoja jirani yangu alikuwa anarudia jambo moja, sio kwa kulia, kwa kuuliza kabisa: "Si ni picha? Jamani, si wanaigiza?"

Mwezi uliopita mpwa wangu alikuwa anatazama kwenye simu moja ya hizi picha za siku hizi zenye mashujaa kumi na tano. Mmoja akafa, muziki ukalia, mimi nikashtuka. Mpwa wangu akaendelea kula karanga. "Usijali mjomba, anarudi kwenye inayofuata."

Nikamwomba simu, nikamwekea Fist of Fury. Alicheka kwanza sauti za ngumi, halafu akaacha kucheka, halafu karanga zikasahaulika. Bruce Lee akatoka mlangoni, akakimbia, akaruka. Picha ikaganda.

"Amekufa?"

"Kwani umeona maiti?"

Akarudisha nyuma, akatazama tena.

"Mjomba, amekufa au hajafa?"