Gari Lililowaka kwa Rivasi Peke Yake

Rafiki yangu ameshasambaza habari hii ya gari langu na siku ya mahari ya mdogo wangu kwenye kila kundi la WhatsApp ambalo mimi na yeye tumo, na katika mengine ambayo mimi simo, kwa hiyo naona ni haki yangu kuieleza mwenyewe kabla jeraha halijapoa. Si kweli kwamba nilimgonga mama mkwe mtarajiwa wa mdogo wangu. Si kweli kwamba nilikuwa nimelewa, kwani nilichokunywa siku hiyo ni soda ya tangawizi peke yake. Si kweli pia kwamba sufuria la pilau lilipinduka. Kilichopinduka ni kreti la soda, na pilau yenyewe mwandishi wa uzushi huo aliila hadi akaongeza. Kwamba turubai lilianguka ni kweli. Kwamba waliokuwa chini yake ni wazee wa pande zote mbili, nalo ni kweli, na ndilo linalonifanya niandike huku nimezima simu.

Mnaonifuata tangu gia boksi ya oto (ile inayojibadilishia gia yenyewe) ilipoanza kuteleza mnajua tulikotoka. Wageni wafahamu tu kwamba gari ni Toyota Mark II ya GX100, ya mwaka 1998, yenye injini ya silinda 6 ya lita 2, na kwamba lilifika mahali ukikanyaga mafuta injini inanguruma utadhani imeshafika Dodoma, ilhali magurudumu bado yanatafakari namna ya kutoka Ubungo. Tulipochomoa kijiti cha kupimia mafuta ya gia, mafuta yenyewe (ATF), ambayo huwa mekundu, yalikuwa meusi na yananuka kuungua. Gia boksi nyingine ya oto iliyotumika ingenigharimu fedha nyingi, na hakuna muuzaji hata mmoja kule kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar es Salaam, aliyekuwa tayari kuapa kwamba nayo haikutolewa kwenye gari lenye ugonjwa huohuo. Ndipo rafiki yangu, huyuhuyu mwenye vidole vyepesi, aliponiambia, "Ndugu yangu, weka manyuali uachane na presha," yaani gia boksi ya mkono. Naomba sentensi hiyo ihifadhiwe mahali.

Fundi wa gia boksi alikuwa mtu makini kwa upande wa vyuma, na sitamvunjia heshima kwa hilo. Alitoa ile sahani nyembamba inayobeba toki konvata (kiungo cha injini na gia boksi ya oto) akafunga flaiwili, gurudumu zito ambalo klachi hujishikiza, pamoja na bolti zake halisi, akapima upya propela shafti, akatoboa ukuta unaotenganisha injini na dereva kwa ajili ya masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ya klachi), na akakumbuka hata pailoti beringi, beringi ndogo inayoshika ncha ya shafti ya gia boksi, ambayo wengi huisahau kwa sababu kwenye injini iliyokuwa na oto tundu lake nyuma ya krenki huwa tupu. Ukiisahau, shafti ya gia boksi hukosa pa kuegemea, na gia huanza kulia kila unapozibadilisha. Yote hayo aliyafanya vizuri. Kilichomshinda ni nyaya, na kwa kuwa fundi umeme wa pale alikuwa amekwenda msibani kwao Singida, aliamua kuziunga mwenyewe kwa imani.

Gari liliposhushwa kwenye jeki, halikuwaka. Halikutoa hata mlio. Tukapima betri, ikawa nzima. Tukakagua fyuzi, nazo zikawa nzima. Fundi akaingia chini na bisibisi, akaziunganisha nguzo za stata moja kwa moja, stata ikazunguka bila tatizo, maana yake ugonjwa ulikuwa kwenye njia ya umeme inayotoka kwenye ufunguo. Tukakaa tunatazamana mpaka kijana mmoja wa gereji, ambaye alikuwa ametumwa kufuta usukani, akachezea gia, akaiacha kwenye rivasi, akakanyaga klachi na kuzungusha ufunguo. Gari likawaka. Watu wakapiga makofi. Tulipozima na kujaribu tena gia ikiwa huru, kimya; tukarudisha rivasi, likawaka. Na tangu ufunguo unapowashwa, taa nyeupe za rivasi zilikuwa zinawaka muda wote, hata ukiwa gia ya nne.

Fundi hakutikisika. Alinitazama akasema, "Bosi, hiyo ni kinga ya wizi. Mwizi gani atafikiria kuwasha gari kwa rivasi?"

Kwa wale wanaopenda kujua undani (na najua mko, maana ndio mnaonitumia michoro ya nyaya usiku), jambo lenyewe ni jepesi hadi linatia aibu. Gia boksi ya oto ina swichi ubavuni inayojua mkono wa gia uko wapi. Jozi moja ya nyaya zake huruhusu stata kuzunguka pale tu gia ikiwa P (kuegesha) au N (huru), ili gari lisiruke. Jozi nyingine huwasha taa za rivasi. Gia boksi ya mkono ina swichi moja ndogo tu, inayopitisha umeme pale tu ukiingiza rivasi. Inavyotakiwa, nyaya za stata uziunge moja kwa moja, au bora zaidi uzipitishe kwenye swichi ya pedali ya klachi, kisha nyaya za taa uzipeleke kwenye ile swichi ndogo. Yeye alifanya kinyume kabisa: taa aliziunga moja kwa moja, na stata akaikabidhi swichi ya rivasi. Kilichokuwa kinga dhidi ya gari kuwaka likiwa ndani ya gia kikageuka kuwa sheria kwamba lazima liwe ndani ya gia ndipo liwake, tena gia ya kurudi nyuma.

Fundi umeme alikuwa bado Singida, na siku ya kupeleka mahari Mlandizi ilikuwa imeshapangwa na wazee ambao hawapangiwi na swichi. Nikajifunza utaratibu: klachi hadi chini, rivasi, ufunguo, kisha gia huru, halafu maisha yanaendelea. Nilijiona fundi. Spidomita ilikuwa imelala kwenye sifuri na taa ya O/D OFF (ya gia ya juu ya oto) ikikonyeza bila kukoma kwa kuililia gia boksi iliyoondoka, lakini gari lilikuwa linatembea.

Barabara ya Morogoro siku hiyo ilikuwa na foleni yake ya kawaida. Kila niliposimama Kimara, madereva wa nyuma yangu waliona taa nyeupe wakaanza kupiga honi kwa hofu, na bodaboda wakanizunguka kwa mbali. Baba mdogo, aliyekaa mbele na bahasha ya mahari mfukoni, alifurahi akasema, "Leo watu wametuheshimu, wanatuachia nafasi." Sikumwambia sababu. Tulipofika Kibamba, pedali ya klachi ikawa nyepesi ghafla. Nikaipampu mara kadhaa, ikarudisha nguvu. Anayejua magari anajua kwamba pedali inayozama na kurudi kwa kupampu inakuambia kuna hewa kwenye mfumo wa mafuta ya klachi au mpira wa silinda ya chini, ile inayosukuma klachi kwenye gia boksi, unavujisha. Mimi nilijua. Lakini nyuma walikaa washenga wawili na rafiki yangu mpiga picha, na mshenga hasimamishwi Kibamba kwa ajili ya mpira.

Shughuli yenyewe ilikwenda salama. Tulipokelewa, tukakaa upande wetu wa turubai, tukasemeshana kwa mafumbo yanayostahili, tukahesabu, tukapunguziwa, tukala. Nilikuwa nimeliegesha gari likitazama geti, buti likiwa upande wa turubai, kwa makusudi kabisa, ili wakati wa kuondoka nisije nikaanza kurudi nyuma mbele ya wakwe.

Sasa naomba twende polepole, kwa sababu na lenyewe lilikwenda polepole.

Tumeshaaga. Baba mdogo amekaa mbele, washenga wameingia nyuma, rafiki yangu amesimama nje na simu yake anarekodi kumbukumbu ya familia. Akina mama wanapiga vigelegele. Mwenyekiti wa upande wa binti ameshika kipaza sauti chini ya turubai anatuombea safari njema, na wazee waliobaki wamesimama kumzunguka. Nakanyaga klachi. Inashuka hadi sakafuni bila kunipinga hata kidogo, kwa unyenyekevu ambao ulipaswa kunitia shaka. Naingiza rivasi. Nazungusha ufunguo.

Kwa kawaida husikia stata kwanza. Safari hii nilisikia stata na kuona geti likisogea mbali, vyote kwa pamoja. Klachi haikuwa imeachia kitu. Stata ilikuwa inalisukuma gari zima kwa mabavu yake, mruko mmoja, mruko wa pili, kisha injini ikashika na kuchukua kazi kutoka kwake. Gari likaanza kurudi kwa utulivu mkubwa, bila haraka, kwa mwendo wa mtu anayekwenda kunawa mikono.

Baba mdogo akanigeukia. "Mwanangu, si tunakwenda mbele?"

"Ndiyo, baba mdogo," nikamjibu, na Mungu ananisamehe, "tunakwenda mbele."

Watoto wakaanza kupiga kelele, "Linarudi! Linarudi!" Bibi yake binti, aliyekuwa kwenye kiti cha plastiki karibu na nguzo, hakuinuka, alikuwa ametuona tukiingia asubuhi tunakwenda mbele huku taa za rivasi zinawaka, na inaelekea alishaamua kwamba taa hizo hazina maana yoyote. Mjukuu mmoja akambeba yeye na kiti chake.

Mtauliza breki ilikuwa wapi. Breki ilikuwapo, tena ile pana ya oto, haikuwahi kubadilishwa. Lakini akili yangu ilikuwa imekariri somo la Kibamba: klachi ikizama, ipampu. Nikaipampu kwa mguu wa kushoto. Ilipokataa, badala ya mguu wa kulia kwenda kwenye breki, niliutuma ukamsaidie mwenzake. Kwa hiyo kilichoonekana kutoka nje, na ambacho kwa bahati mbaya kimo kwenye video, ni mtu mzima mwenye kanzu na koti akiwa amesimama karibu wima ndani ya gari, miguu yote miwili kwenye pedali isiyo na kazi, mkono mmoja unavuta gia iliyogoma kutoka kwa sababu injini ilikuwa inaikaza, na mkono wa pili unapunga kuwaaga wakwe. Huo wa kupunga sijui nani aliuamuru.

Buti likafika kwenye kreti la soda, kreti likalala. Kisha bampa likaigusa nguzo ya kona. Haikuvunjika, iliinama kwa adabu. Kamba mbili zikafyatuka, na turubai likaanza kushuka juu ya wazee taratibu, likatulia kwanza juu ya kofia, kisha juu ya mabega, hadi kikabaki kilima cha buluu kinachotembea. Spika ziliendelea kufanya kazi. Mwenyekiti, ambaye hakuwa ameachia kipaza sauti, alisikika mtaa mzima: "...na mfike salama, na Mungu awa— jamani, mbona giza?"

Hapo ndipo mguu wa kulia ulipokumbuka breki. Injini ikazima. Kwa sekunde chache kilichosikika ni soda moja ikivingirika kwenye sakafu, na pumzi za rafiki yangu aliyekuwa anajizuia kucheka ili video isitikisike.

Hakuna aliyeumia. Wazee walitolewa mmoja mmoja, nikaomba radhi kwa kila mmoja kwa mikono miwili, nguzo ikanyooshwa, na nimelipa kreti la soda. Fundi kijana wa palepale Mlandizi aliitwa, akaongeza mafuta ya klachi, akatoa hewa, akachungulia nyaya, akauliza nani aliziunga, akacheka mpaka akakaa chini, kisha akazikata na kuzibadilisha mahali pake. Dakika chache tu. Sasa linawaka likiwa huru, taa nyeupe zimezima, na mpira wa silinda nimeshaubadilisha. O/D OFF bado inakonyeza.

Kilichobaki ni suala la faini. Upande wa binti ulijadiliana kwa muda mfupi, kisha mwenyekiti, huku akiweka kofia yake sawa, akasoma uamuzi: mbuzi mmoja, kwa kosa la kurudi nyumbani kwa wakwe baada ya kuaga, bila kubisha hodi. Imeandikwa kwenye orodha ya mahari, chini ya mkaja wa mama. Mdogo wangu anasema mbuzi huyo si wake bali ni wa gari, na baba mdogo amekubaliana naye, kwa hiyo mwenye beberu wa bei ya kuzungumza maeneo ya Vigwaza au Chalinze naomba anitafute kabla ya Jumamosi. Nitakuja kumchukua kwa basi.