Racheti ya betri si impakti, na hizo Nm 300 ni za nani?

Siku hizi ukifungua simu tu unakutana nayo: racheti ya betri, yaani spana ya soketi inayozungushwa na mota, yenye kichwa chembamba kama kidole gumba, pembeni imeandikwa Nm 300 (Nm, nyutonimita, ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha). Kwenye betri kuna kibandiko cha 88VF. Volti 88! Kwa volti hizo si ungeendesha bajaji.

Haya, tupige hesabu. Impakti, ile mashine ya kufungulia nati za tairi, inagonga kwa ndani, ndiyo maana unaweza kufungua nati ya tairi kwa mkono mmoja bila kuvunjika kiwiko. Racheti haigongi. Inasukuma, na nguvu yote inayoipa bolti inarudi kwenye mkono wako. Racheti ya Milwaukee M12 FUEL ya inchi 3/8 (upana wa ncha inayoshika soketi) inatoa Nm 75. Kwenye mpini wa sentimita 30, hiyo ni sawa na kuzuia mzigo wa kilo 25 hivi. Nm 300 ni kilo 100. Wewe uliyelala chini ya gari, bega moja kwenye udongo, utazuia kilo 100 kwa kifundo cha mkono? Ingekuwa kweli, siku ya kwanza tu vidole vingekuwa vimebanwa kati ya mpini na krosmemba. Basi muuzaji anadanganya, na uongo wake ndio unaokuokoa.

Halafu mtu ananunua kwa sababu ya namba hiyo, anaivamia bolti ya ekzosi iliyoshika kutu, inagoma, anaanza kuivuta racheti kama mpini wa kawaida. Kijino cha ndani kinachoshika meno kinakatika, kisha lawama zinaenda kwa duka. Bolti ngumu hulegezwa kwa mpini mrefu kwanza, robo mzunguko inatosha. Racheti inaingia baada ya hapo.

Kazi yake ni muda. Chukua bolti ya M8 yenye uzi wa milimita 25: hatua ya uzi, yaani umbali bolti inaosogea kwa mzunguko mmoja, ni milimita 1.25, kwa hiyo ni mizunguko 20. Nyuma ya altaneta, ambako mkono unapata digrii 20 tu za kuyumba, kila mzunguko unataka kuvuta mara 18. Jumla mara 360, kwa bolti moja! Racheti ya mizunguko 200 kwa dakika inaitoa kwa sekunde 6. Hicho ndicho unachonunua. Kwa hiyo dukani usiulize Nm, uliza unene wa kichwa, tena ukiwa umevalisha soketi ya milimita 12 juu yake. Kisichoingia kati ya injini na rejeta hakina kazi hata kingekuwa na nguvu ya winchi.

Kwa gari ndogo chukua 3/8. Vichwa vya bolti nyingi za Toyota ni milimita 10, 12 na 14. Robo inchi ni ya dashibodi na plastiki. Nusu inchi, kwa maoni yangu, ni kupoteza hela: kazi ya nusu inchi ni ya impakti.

Triga ndiyo ya pili kwa umuhimu. Lazima iende polepole ukiigusa kidogo. Ile ya kuwaka na kuzima tu iache hapo hapo kaunta. Bolti ya M6 ya kava ya tapeti inataka Nm 10. Hata racheti ya betri ya kawaida ya Nm 47 ina nguvu karibu mara tano ya hiyo, na uzi wa aluminiamu haukupigii hodi kabla ya kung'oka. Anza kwa vidole, mizunguko mitatu minne, shusha kwa racheti, iache ikigusa tu, malizia kwa spana ya toki, ile inayopima Nm unapokaza.

Na wakati wa kufungua, jihadhari na mtego huu: bolti inapotoka inainua kichwa cha racheti. Nafasi ikiwa ndogo, kichwa kinabanwa kati ya bolti na chesisi, na swichi ya kugeuza iko upande uliobanwa. Huendi mbele wala hurudi nyuma. Simama mapema, malizia kwa vidole.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba kama tayari una drili na grenda za 18V, racheti ya betri hiyo hiyo ina mantiki, ingawa ni nzito na nene kuliko ya 12V. Ila usilipie zaidi kwa "20V Max": seli 5 za volti 3.6 ni 18, na 20 ni pale tu ilipotoka kwenye chaja. Betri ya 18V inayodai 5 Ah (kipimo cha chaji inayobeba) kwa seli za 18650, zile seli za mviringo zinazofanana na betri ya tochi, lazima iwe na seli 10, kila moja gramu 45 hivi. Ipime kwenye mzani wa duka la nyama la jirani. Ikisoma gramu 350, mrudishie na kibandiko chake.