Bluberi za mwitu na za shambani: zipi zenye sukari ya kuhofiwa?

Katika jimbo la Maine nchini Marekani, ambako wazungumzaji wengi wa Kiswahili kutoka Kongo, Rwanda na Burundi wamepata makazi katika miji ya Portland na Lewiston, Agosti ni mwezi wa bluberi za mwitu, yaani vitunda vya mviringo vya rangi ya buluu. Shangazi yangu, ambaye anaishi na kisukari, aliweka mezani mabakuli mawili: moja lilikuwa na zile za mwitu, ndogo kama mbaazi, na jingine lilikuwa na za shambani, kubwa kama gololi. Akaniuliza, "Mwanangu, nile zipi?"

Wanaozitetea za mwitu wana hoja nzito. Kwa mujibu wa majedwali ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, gramu 100 za bluberi za kawaida za shambani zina takribani gramu 10 za sukari, ilhali za mwitu zilizogandishwa zina kati ya gramu 6 na 7, na nyuzinyuzi zake ni nyingi zaidi. Isitoshe, tunda dogo lina ganda kubwa kwa kulinganisha na uzito wake, na rangi ya bluberi, pamoja na viambata vinavyosifiwa kiafya, hukaa hasa kwenye ganda. Nilibonyeza punje chache za kila bakuli kwa vidole: zile ndogo ziliniachia zambarau iliyokolea, zile kubwa zikaniachia maji mengi na rangi hafifu.

Hofu ya matunda yaliyoboreshwa na binadamu nayo haikuzuka hewani. Mwaka 2018 bustani ya wanyama ya Melbourne, Australia, ilieleza kwamba imewapunguzia baadhi ya wanyama wake matunda na kuwaongezea mboga za majani, kwa kuwa matunda ya sokoni yalikuwa na sukari nyingi kuliko yale ya porini, na wanyama walikuwa wakinenepa na kuoza meno.

Hata hivyo, binadamu hali gramu 100 za jedwali, anakula bakuli. Kikombe kimoja cha bluberi za shambani kina takribani gramu 15 za sukari, na cha zile za mwitu kina takribani gramu 9. Tofauti hiyo ya gramu 6 ni kijiko kimoja na nusu cha chai. Ndizi moja ya wastani ina takribani gramu 14, na kopo la soda ya kola la mililita 355 lina gramu 39 hivi. Anayeogopa bluberi za shambani huku soda ikiwa kwenye jokofu lake amekosea pa kuanzia.

Mpaka wenyewe kati ya mwitu na shamba hauko wazi kama tunavyoaminishwa. Bluberi kubwa zilianzia New Jersey, pale Elizabeth White, binti wa mkulima, aliposhirikiana kuanzia mwaka 1911 na mtaalamu wa mimea Frederick Coville. White aliwalipa wachumaji wamtafutie vichaka vya msituni vyenye matunda makubwa, na mavuno ya kwanza yakauzwa mwaka 1916. Kimojawapo cha vichaka hivyo, Rubel, bado kinapandwa: ni mmea wa mwitu uliohamishiwa shambani, si zao la kuchanganya mbegu. Za mwitu za Maine, kwa upande wake, hazikupandwa na mtu, lakini mashamba yake huchomwa moto au kufyekwa ili yachipue upya, na kwa kawaida huvunwa kila baada ya miaka miwili. Kilichotafutwa New Jersey kilikuwa kwanza ukubwa. Utamu tunaouonja nao hautegemei sukari pekee, bali pia uchachu unaoandamana nayo. Ndiyo maana ulimi ni shahidi mbaya wa kipimo cha sukari.

Kwa maoni yangu, swali zito zaidi ni tunda limefikaje mdomoni. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unaotaka sukari huru, yaani ile inayoongezwa kwenye chakula au iliyomo kwenye asali na juisi, ibaki chini ya asilimia 10 ya nishati ya siku hauihesabu sukari iliyomo ndani ya tunda zima, lakini unaihesabu ile ya juisi, hata isipoongezwa chochote. Bluberi ya mwitu ikishakamuliwa, jina lake la mwitu halimsaidii tena mgonjwa.

Nilimjibu shangazi kwamba, ikiwa bei haimuumizi, achague zile ndogo, kwa sababu kwa anayehesabu wanga, sukari ikiwemo, kila mlo, hata kijiko kimoja na nusu kina maana. Na zikiadimika ale zile kubwa, nusu kikombe badala ya kimoja, nzima, bila kuzisaga. Alichukua kikombe chake cha kupimia unga, akakijaza zile za mwitu, kisha akarudisha kabatini chupa ya asali aliyokuwa ameiandaa pembeni.