Ndimu Tatu Kabla ya Kuondoka Mokowe

Ningependa, kwa heshima zote na bila ya kumvunjia mtu adabu, kuelezwa ni nani aliyewagawia namba yangu ya simu watu hawa wanaonipongeza kabla ya alfajiri. Muadhini hajakohoa, jogoo wa jirani bado amelala, na simu iliyo chini ya mto inatetemeka kunijulisha kwamba nimezawadiwa mizunguko 50 ya bure katika mchezo wa kamari ya simu wenye picha ya hekalu la Misri. Mimi ni karani mstaafu wa forodha, mwenye bakora, kofia ya vito na wajukuu, na mizunguko pekee niliyowahi kuiomba katika maisha yangu ni ile saba ya tawafu, ambayo hakuna kampuni iliyojitolea kunipa bure.

Hata hivyo ujumbe wa simu ni adha ndogo. Kinyozi wa Langoni aliyeniacha na povu kwenye shavu moja akisubiri bonasi yake ifunguke, nimekwisha kumsamehe. Kijana wa mtaani aliyetaka kuniuzia programu ya kutabiri matokeo nilimwuliza swali moja tu, kwa nini anaiuza badala ya kuitumia, naye mpaka leo akiniona hukata kichochoro. Lililonitoa katika upole wangu ni jambo la jana, kwenye gati ya Mokowe.

Basi lilitushusha tukiwa katika ile hali mnayoijua. Boti ya kuvukia Amu, yaani Lamu, ilikuwa imejaa kwa kipimo cha Mokowe, maana yake ni kwamba kila aliyeketi alikuwa amempakata mtu au mzigo wa mtu. Nauli tulikwisha kulipa, wote kwa simu, kwa kuwa siku hizi ukitoa noti unatazamwa kama aliyetoka kaburini. Kamba ilikuwa imefunguliwa. Jua lilikuwa linafanya kazi yake. Na nahodha wetu, kijana mwenye afya, alikuwa ameinamia simu yake kwa unyenyekevu ambao sijawahi kuuona kwake akiwa msikitini. Sisi kwa dhana njema tukasema pengine anatazama hali ya bahari.

Mama mmoja aliyetoka mji mdogo wa Hindi na tenga la kuku ndiye aliyethubutu kuuliza. "Mwanangu, tunamngoja nani?"

"Ndimu, mama," akajibu bila ya kuinua uso. "Mbili zimekuja, imebaki moja."

Mama wa watu akageuka kulitazama gati, akimtafuta abiria mwenye kapu la ndimu, na kwa kuwa ana roho nzuri akajisogeza kidogo ili amwachie nafasi.

Ilipobainika kwamba ndimu zenyewe zimo ndani ya simu, boti yote iligeuka kuwa baraza. Maalim aliyekuwa ameketi kwenye omo alisema kwamba kamari ni haramu, tukaitikia, na kwa hukumu jambo lingekuwa limekwisha. Lakini abiria anayechelewa hupenda kujua anacheleweshwa na kitu gani hasa, na nahodha naye aliona amepata wanafunzi. "Ami," akaniambia, "sloti, michezo hii ya kuzungusha picha, hazichaguliwi ovyo. Hii haijalipa tangu asubuhi, kwa hiyo imeshiba, na lazima itapike."

Hapo mwanafunzi mmoja wa chuo, aliyekuwa anarudi likizo na miwani yake, alishindwa kuvumilia. Alieleza, kwa utulivu ambao wazazi wake wana haki ya kujivunia, kwamba programu hiyo huchagua namba kwa nasibu pale pale kidole kinapogusa kitufe, kwamba matunda yanayozunguka baada ya hapo ni mapambo tu kwani hukumu imekwisha kutolewa, na kwamba mchezo haukumbuki umelipa lini wala umemla nani. Mzunguko wa 1,000 una nafasi ile ile ya mzunguko wa kwanza. Zile ndimu mbili na ya tatu iliyopita kwa unywele hazikuwa karibu na kitu chochote. Mzunguko uliokosa kidogo na uliokosa sana umekosa sawasawa. Maalim akauliza kwa nini iwe ndimu na isiwe tende. Mwanafunzi akasema kwamba mashine ya kwanza yenye sifa, iliyoundwa na Charles Fey huko San Francisco mwishoni mwa karne ya 19, ilikuwa na magurudumu matatu na picha ya kengele, na matunda yalikuja baadaye kwa sababu baadhi ya mashine zililipa kwa ubani wa kutafuna wenye ladha za matunda. Maalim akasema, "Angalau walikuwa wanatafuna kitu."

Nahodha hakushindwa. Alisema mchezo wake unarudisha asilimia 96 ya madau, na kwamba hakuna biashara Amu nzima yenye hasara ndogo namna hiyo. Nikiri kwamba neno asilimia hunirejesha kazini. Nilitoa kalamu, nikageuza tikiti ya basi, nikamwuliza anaweka shilingi ngapi kila mzunguko. Ishirini. Kwa dakika moja kidole chake huzungusha mara ngapi? Mara kumi, akasema, tena kwa fahari. Basi kwa saa moja ni mizunguko 600, ambayo ni shilingi 12,000 zilizopita mezani, na asilimia 4 ya hizo ni 480. Nikamweleza kwamba huo ni wastani, saa moja inaweza kumpa na nyingine ikamnyang'anya zaidi, lakini akiendelea muda mrefu ndiyo ada yake ya kugusa kioo. Zile 96 si ahadi kwa mtu mmoja. Ni hesabu ya wachezaji wote kwa mamilioni ya mizunguko. Mwanafunzi akaongeza, na hili hata mimi sikulijua, kwamba mchezo wenye jina lile lile na sura ile ile huweza kukodishwa kwa kampuni mbalimbali ukiwa na viwango tofauti, huku 96, kule 94 au chini yake, kwa hiyo anayetaka kujua afungue ukurasa wa maelezo uliomo ndani ya mchezo wenyewe, asitegemee alichoambiwa kinyozini. Ile yenye jakpoti, zawadi kubwa inayokua kila dakika, humega sehemu ya kila dau kuilisha jakpoti hiyo, na ndiyo maana malipo yake ya kila siku ni membamba.

Kisha ikaja habari ya mchezo unaolipa mara kwa mara kidogo kidogo na ule unaonyamaza muda mrefu kisha ukalipa kikubwa. Mwanafunzi alihangaika kuieleza mpaka mama wa Hindi akamwokoa. "Huyu hutaga kila siku," alisema akilifunua tenga, "yai dogo. Yule hutaga akijisikia, yai kubwa. Mtama wanakula sawasawa." Sijasikia maelezo bora, na nimehudhuria semina.

Wakati huo huo simu ikapiga tarumbeta, nyota zikaruka, sarafu za dhahabu zikamwagika kwenye kioo, na nahodha akapaza sauti kwamba ameshinda. Boti nzima ikashangilia, kwa kuwa tulidhani sasa tunaondoka. Maalim alikuwa amekwisha kusema Maashallah kabla ya kujua ni ya nini. Nikaomba kuona. Ameweka 20, amerudishiwa 8. Tarumbeta yote ile, waungwana, ni ya mtu aliyepoteza shilingi 12. Maalim akauliza kama Maashallah yake inaweza kurudishwa.

Kulikuwa pia na afisa mmoja mwenye tai, mgeni kutoka bara, ambaye mpaka hapo alikuwa ameshughulika na kukinga viatu vyake. Alitufahamisha kwamba kamari imekuwa na sheria yake hapa Kenya tangu 1966, kwamba sheria mpya ilitiwa saini 2025, kwamba aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi, na kwamba kampuni isiyo na leseni ya mdhibiti haina mtu wa kumshitakia siku itakapotoweka na pesa zako. Akatuambia pia kwamba tangu Julai 2025 ukiweka shilingi 1,000 katika akaunti ya kamari, 50 ni za ushuru kabla hujagusa kitufe, na unapozitoa hukatwa tena asilimia 5. "Kumbe na serikali imo botini," akasema mama wa kuku, "na nauli haijalipa."

Tungeweza kuendelea kuelimishana hivyo kwa adabu mpaka magharibi. Maji yalikuwa yanatoka, na ngazi ya gati tuliyoishuka ikiwa imefunikwa nusu sasa ilikuwa imebaki uchi mpaka vidato vyenye kombe na utelezi. Ndipo utingo, mtoto mkweli wa miaka kumi na kitu, aliponong'ona kwamba dumu la petroli ni tupu.

Tupu namna gani? Nauli zote zimelipwa. Zimelipwa wapi? Kwenye simu. Simu ipi? Ile ile.

Naomba mnielewe kwamba mimi ni mtu wa taratibu, na kwamba bakora yangu niliinua kwa ajili ya kusimamia tu. Kijana alikuwa amechukua nauli zetu, petroli yetu, tenga la kuku la mama na kofia yangu ya vito kwa hesabu, akaviweka vyote ndani ya hekalu la Misri, na sasa ndimu ile tusiyoiona ndiyo ilikuwa itununulie petroli! Alianza na zake, akasema. Zake zilipokwisha akachukua kidogo katika nauli ili arudishe zake. Nauli zilipopungua akaongeza dau ili arudishe nauli. Zilipokaribia kwisha akachukua mkopo wa simu, ule unaolipiwa ada kila siku unapolala na usipolala. Na juu ya yote hayo alikuwa amepewa bonasi ya shilingi 500, ambayo hawezi kuitoa mpaka aizungushe mara 30. Nikaigeuza tena tikiti. Mara 30 ni shilingi 15,000 za kuzungusha, asilimia 4 yake ni 600. Zawadi ya 500 ya kulipia 600! Niliwahi kuzuia shehena bandarini kwa hesabu zilizo nzuri kuliko hiyo.

Tulimwambia atoe kilichobaki, shilingi 340, tununue hata petroli ya kufika katikati. Kuziingiza pesa kulichukua muda wa kufumba jicho. Kuzitoa kulitaka picha ya kitambulisho, upande wa mbele, upande wa nyuma, kisha picha ya uso wake akiwa ameshika kitambulisho, na boti ikitikisika uso ukawa unatoka nje ya duara. Alipofanikiwa, simu ikaandika kwamba ombi linashughulikiwa. Mwanafunzi akasema kwa sauti ndogo kwamba mtu mwenye busara hukamilisha kitambulisho siku ya kwanza na kujaribu kutoa kiasi kidogo kabla hajaweka kikubwa, na kwamba zipo kampuni zinazokudai ulipe ada kwanza ndipo ushindi wako uachiliwe, ambazo ni wizi mtupu. Nilimwomba mwanangu anyamaze kidogo, maana jua lilikuwa limenifika.

Basi tukachanga. Tulilipa nauli mara ya pili, kwa noti, mkononi mwa utingo. Simu ya nahodha niliikalia mimi. Katikati ya mkondo ilitetemeka chini yangu, na kwa kuwa ilikuwa amana nilimwonyesha: kampuni imemkumbuka, imeona amekaa kimya, inamwongezea mizunguko. Hata mkewe, alisema, hamtafuti haraka hivyo.

Tulipofika Amu nilimwambia maneno machache kwenye gati, na sikuyapamba. Nauli ikae kwenye laini ya kazi, na laini hiyo isiwe na mlango wowote wa kwenda huko. Akitaka kupoteza pesa, awe na laini nyingine, aiwekee kiasi ambacho mkewe anakijua, na kikiisha kimeisha. Ndani ya akaunti kuna sehemu ya kuweka kikomo cha pesa na cha muda, na sehemu ya kujifungia kabisa. Aiguse kabla ya kucheza, wakati akili bado ni yake. Programu asipakue kwa kiungo alichotumiwa, hasa ikiomba ruhusa ya kusoma ujumbe wake, kwa kuwa humo ndimo zinamopita namba za siri za muda. Na akitaka ndimu tu, kuna mchezo wa majaribio wenye pesa za kuigiza, unazunguka vile vile na tarumbeta ni ile ile. Akasema huo hauna raha. Nikamwambia sisi wa botini pia hatukuwa nayo.

Nikaenda naye mwenyewe kwa wakala wa karibu ili apate laini ya pili mbele ya macho yangu. Wakala akataka kitambulisho. Mtandao ukapotea. Ukarudi. Ukapotea. Wakala, kwa kupoteza muda, akatoa simu yake ya pili kutoka mfukoni, akaigusa kioo mara moja, na mimi nikasikia tarumbeta. Sikusema neno. Nililipia laini kwa noti ya 200 nikangoja chenji yangu, akaniambia chenji hana, wala jirani yake hana, wala Amu nzima haina sarafu za ishirini tangu wiki iliyopita, akanihesabia peremende juu ya meza, moja moja, kama mtu anayelipa mahari. Nyumbani nina bakuli zima la peremende za namna hiyo, na meno yangu mnayajua.