Saint Francis kushuka Daraja la Tatu: hasara ni ya nani?

Tarehe 18 Machi 2025, mjini Dayton, Ohio, timu ya wanaume ya mpira wa kikapu ya Chuo Kikuu cha Saint Francis, Pennsylvania, ilifungwa na Alabama State kwa pointi 70 kwa 68. Kikapu cha mwisho kilitokana na pasi iliyorushwa kutoka upande mmoja wa uwanja hadi mwingine, ikaguswa na mikono kadhaa hewani, kisha ikamwangukia Amarr Knox chini ya goli. Saint Francis haikuwa imefika mashindano makuu ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, tangu 1991. Wiki moja baadaye uongozi wake ulitangaza kwamba kuanzia msimu wa 2026/27 michezo yote ya chuo itahama kutoka Daraja la Kwanza, ambako wachezaji hulipiwa masomo kwa sababu ya kipaji chao cha uwanjani, kwenda Daraja la Tatu, ambako malipo ya namna hiyo hayaruhusiwi kabisa.

Lawama zilizofuata zinaeleweka. Shabiki aliyevumilia miaka 34 hakutarajia kuambiwa, kidonda kikiwa bado kibichi, kwamba safari yenyewe ndiyo imefika mwisho. Wala si mara ya kwanza mambo kwenda hivyo. Chuo Kikuu cha Hartford, katika jimbo lile lile la Connecticut ambalo chuo chake kikubwa kilimlea Hasheem Thabeet wetu, kilifuzu kwa mara ya kwanza katika historia yake mwaka 2021, kikafungwa na Baylor 79 kwa 55, na kufikia Mei bodi yake ilikuwa imeamua kushuka. Hoja nzito kuliko zote inawahusu vijana wenyewe: kwa miaka mingi timu ya Daraja la Kwanza iliruhusiwa kuwalipia masomo wachezaji 13, na kwa kijana wa familia isiyo na uwezo nafasi hiyo ndiyo iliyokuwa mlango wa chuo.

Hata hivyo, wanaolaumu wanalizungumzia Daraja la Kwanza kana kwamba ni nyumba moja ambayo Saint Francis imefukuzwa sebuleni. Daraja hilo lina vyuo zaidi ya 350, na bingwa wa Northeast Conference, ligi ya Saint Francis, hupata nafasi moja tu katika mashindano makuu ya Machi, kwa kawaida katika kundi la wanaopangwa nafasi ya 16, yaani ya chini kabisa. Kuanzia 1985 hadi 2025, aliyepangwa wa 16 amekutana na aliyepangwa wa kwanza mara 160, naye ameshinda mara 2: UMBC, chuo cha jimbo la Maryland, dhidi ya Virginia mwaka 2018, na Fairleigh Dickinson dhidi ya Purdue mwaka 2023.

Mara hizo mbili ndizo zinazotajwa kila ligi ndogo inapotetewa, kwa hiyo inafaa kutazama kilichowapata walioshinda. Fairleigh Dickinson, kutoka ligi hii hii, ilikuwa imefungwa na Merrimack 67 kwa 66 katika fainali ya ligi, ikaingia kwa sababu tu Merrimack, iliyokuwa imepanda kutoka Daraja la Pili, haikuwa bado imeruhusiwa kushiriki. Ikaiangusha Purdue 63 kwa 58. Siku chache baada ya kutolewa, kocha wake alikuwa ameshachukuliwa na chuo kingine, Iona. Mwaka uliotangulia, Saint Peter's ya Jersey City, timu ya ligi nyingine ndogo, ilizishinda Kentucky, Murray State na Purdue na kufika nane bora. Kabla majira ya kuchipua hayajaisha kocha wake alikuwa Seton Hall, na wachezaji waliobeba ushindi ule walikuwa wametawanyika vyuo mbalimbali. Malipo ya ligi ndogo kwa kushinda ni kunyang'anywa kilichoshinda.

Sitawalaumu vijana wanaohama; makocha wamehama hivyo miaka yote bila mtu kuwaita wasaliti. Lakini tangu 2024 mchezaji anaweza kuhama kila mwaka bila kukaa nje hata msimu mmoja, na shabiki wa ligi ndogo huuanza msimu mwezi Novemba kwa kujifunza orodha mpya ya majina.

Fedha nazo zinasema hivyo hivyo. Mahakama iliidhinisha Juni 2025 makubaliano yanayoviruhusu vyuo kuwalipa wanamichezo moja kwa moja hadi takriban dola milioni 20.5 kwa msimu wa 2025/26. Kushiriki mchezo mmoja wa mashindano ya Machi huiletea ligi takriban dola milioni 2 zinazolipwa kwa miaka sita, nazo huenda kwa ligi nzima, si kwa timu iliyotoka jasho. Juu ya hapo, Northeast Conference imepanuka hadi Chicago, ilhali ile ambayo Saint Francis inajiunga nayo, Presidents' Athletic Conference, imejaa majirani wa magharibi mwa Pennsylvania wanaofikika kwa basi.

Kuhusu heshima, Saint Francis ndiyo iliyomtoa Maurice Stokes, aliyeteuliwa mchezaji bora wa NIT, mashindano mengine ya vyuo vya Marekani, mwaka 1955 ingawa timu yake ilimaliza ya nne. NCAA iligawa vyuo katika madaraja matatu mwaka 1973, kwa hiyo jina kubwa kuliko yote katika historia ya chuo hiki lilipatikana kabla ya kuwapo daraja la kushuka.

Daraja la Tatu si pepo. Duncan Robinson aling'ara Williams, chuo cha daraja hilo, kwa msimu mmoja, akahamia Michigan, na baadaye akacheza fainali za NBA. Baadhi ya vyuo huko huongeza timu ili kupata wanafunzi wanaolipa ada, na mchezaji anayekopa ili asome hatafarijika kwa kuambiwa kwamba sasa anacheza kwa mapenzi. Kwa hiyo, ingawa naamini uamuzi ulikuwa sahihi, hoja ya ufadhili bado haijajibiwa. Bodi inapaswa kubanwa ieleze ni kiasi gani cha fedha zilizokuwa zikiwalipia wachezaji kitaingia katika misaada ya wanafunzi wahitaji, wawe wanacheza au hawachezi, na iseme hivyo kwa takwimu kabla ya msimu wa kwanza kuanza.