Usitoboe mkono wa trekta, badilisha pini ya plau

Plau ya enzi za Ferguson TE20 bado inaweza kulima shamba la Rongai au Njoro. Kinachoikwamisha ni pini, zile zinazoiunga na mikono ya kuinulia iliyo nyuma ya trekta: zisipolingana na matundu ya mikono, hapo ndipo fundi hukimbilia keekee na mashine ya kuchomelea kabla hajashika rula. Kama lazima kitu kitobolewe, kiwe kile unachoweza kununua kingine kesho. Mkono wa trekta uachwe.

Trekta za nguvu farasi 45 kushuka chini nyingi ni kategoria ya 1, yaani saizi ndogo ya kiungio hicho: pini za mikono miwili ya chini zina unene wa milimita 22, ya toplinki, ule mkono wa juu katikati, 19. Kategoria ya 2 ni 28 na 25. Plau ya kategoria ya 1 ikifungwa kwenye trekta ya 2, watu hununua bushi za kujaza tundu, ndani 22 na nje 28, na ya toplinki, ndani 19 na nje 25, wakaona kazi imeisha. Tundu limetosha, sawa. Upana je? Kategoria ya 1 huacha takriban milimita 683 kati ya pini za chini, ya 2 huacha 825. Hapo kuna upungufu wa milimita 71 kila upande.

Ukiibana mikono ya trekta kubwa ifikie plau nyembamba, inakaribia kwenda sambamba. Kawaida mikono hiyo hukaribiana kuelekea mbele, na mpangilio huo ndio unaoirudisha plau katikati inapoyumba. Ukiupoteza, plau itachezacheza kama mkia wa ng'ombe, na kukaza cheni za pembeni ni kuficha ugonjwa tu.

Wengi huweka pini ndefu na kipande cha bomba kujaza zile 71. Siipendi njia hiyo. Pini iliyoshikwa upande mmoja, ikinasa kwenye udongo mweusi wa Kano, hupinda au huchana bamba la plau linaloishika. Afadhali uchomelee bamba la pili la milimita 12 upande wa nje, pini ishikwe pande zote mbili, na uongeze mbavu za kuliunga na fremu. Kwangua rangi na kutu hadi chuma king'ae, tumia rodi kavu za 7018, na uanze kwa vidoti pini ikiwa ndani ili matundu yasipishane. Pini yenyewe usiichomelee. Chuma chake ni kigumu, na ukikichoma hupata ufa pembeni ya mchomo, ufa utakaouona siku inapokatika.

Kosa baya kuliko yote liko kwenye plau ya diski: kuchomelea ile shafti iliyokingama mbele, ambayo ncha zake ndizo pini za chini. Ncha zake zimepinda makusudi. Ukiizungusha, unabadili upana wa mfuo wa kwanza. Ikishachomelewa, dereva atapigana na usukani msimu mzima. Tena itazame kwanza, maana baadhi zina ncha za ngazi, 28 kisha 22, na hapo hutahitaji fundi kabisa.

Plau ya pini nene kwa trekta ndogo ni habari nyingine. Usipanue tundu la mpira wa chuma ulio kwenye mkono; ukuta utabaki mwembamba upasuke. Mkerezaji akutengenezee pini ya ngazi, na pale unene unapobadilika aache mviringo, kwa kuwa pini hukatikia kwenye kona kali. Halafu jiulize kwa nini pini ilikuwa nene tangu mwanzo. Plau ikiwa juu, ekseli ya mbele ibaki na angalau moja ya tano ya uzito wa trekta. Mizani ya lori itakuambia: pandisha magurudumu ya mbele peke yake. Pungufu ya hapo, ongeza vyuma vya mbele au achana na plau hiyo.

Ukimaliza, inua plau polepole injini ikizunguka taratibu, asisimame mtu kati ya trekta na plau, na utazame kama mikono inagusa tairi. Kwa mashine ya PTO, yaani inayozungushwa na injini ya trekta kupitia shafti, pima shafti hiyo upya: mabomba yake mawili yawe yamepandana angalau theluthi ya urefu, la sivyo yatachomoka kwenye tuta la kwanza.