Vile vyuma ni vya nguzo, si vya mwarobaini wangu

Wiki iliyopita, hapa Area C mjini Dodoma, alikuja kijana kupunguza matawi ya mwarobaini wangu yaliyokuwa yanagusa waya. Umeme ulipozimwa akakaa kibarazani, akajifunga vyuma vya kupandia. Bapa la chuma linapita chini ya kiatu na kupanda kwa ndani ya mguu hadi karibu na goti, linafungwa kwa mikanda ya ngozi, na usawa wa kifundo umechomoza mwiba unaotazama chini. Usifikirie njumu za mpira. Mwiba ule unakaribia urefu wa kidole.

Nikamwambia, "Mwanangu, vua hivyo, ngazi ipo." Akanijibu, "Mama, mti hausikii maumivu." Nikiwa bado nabishana, yeye yuko juu.

Aliposhuka, shina lilikuwa na matundu kushoto na kulia, kuanzia magotini mwangu hadi kwenye matawi. Nilichomeka njiti ya kiberiti katika tundu moja, ikazama nusu nzima. Kesho yake asubuhi gundi ya kahawia ilikuwa imechuruzika hadi chini. Kwa kweli iliniuma.

Kijana simlaumu sana. Namlaumu aliyemkabidhi vyuma bila kumfundisha. Chini ya gome ndipo inapopita njia ya chakula kutoka kwenye majani kwenda mizizini, na papo hapo pana utando mwembamba unaonenepesha shina. Mwiba unatoboa vyote viwili. Tena mti hauponi kama ngozi yetu: sehemu iliyojeruhiwa haifufuki, mti huizungushia ukuta na kuota juu yake, na kazi hiyo inakula akiba. Akiba gani, Dodoma hii yenye mvua ya takribani milimita 570 kwa mwaka, kisha kiangazi kirefu? Kila tundu pia ni mlango wa kuvu na wadudu, na mpogoaji harudi mara moja tu.

Nguzo ya umeme ni jambo jingine. Ule ni mkaratusi wa Mafinga au Njombe uliokwisha kufa na kutiwa dawa, utoboe tu. Mti unaokwenda kuangushwa, vilevile.

Jirani yangu ananiambia Wahadzabe hupigilia vigingi kwenye mibuyu wakifuata asali, na mibuyu ipo. Ni kweli. Ila mbuyu huotesha gome jipya hata ukibanduliwa. Mwarobaini si mbuyu.

Wapogoaji waliofundishwa vizuri hurusha kamba nyembamba yenye kifuko kizito ipite juu ya tawi nene, wakaivutia kamba kubwa, wakapanda wakining'inia kwenye mkanda wa kiunoni na mapajani. Shina haliguswi, na mtu hana hofu ya gome kubanduka chini ya mguu akaporomoka.

Mwakani matawi yatakuwa yamerudi kwenye waya. Nimeshamwambia kijana aje na kamba na mkanda. Ngazi nitamshikia mwenyewe.